Uzio, pazia la mwanga, leza au kamera: kipi kichunge mikono ya mafundi wetu Lubumbashi?

Mwanzo wa kiangazi niliitwa na mama mmoja mwenye karakana ya mabati huko Kampemba. Vijana wake kumi na wawili wanatengeneza mabeseni, mbabula (majiko ya makaa) na milango. Wana presi mbili za kupiga bati, msumeno wa mkanda, na uwanja ambapo foklifti, gari lenye uma wa kuinulia mizigo, hupita katikati ya watu. Muuzaji mmoja alikuwa amemletea bei ya kamera nne zenye akili bandia, zinazomtambua mtu na kupiga king'ora. Fundi wake naye alimwambia aachane na mambo ya kamera, achomelee vyuma kuzunguka mashine, basi. Mama akaniangalia akasema: "Papa, mi nataka kenye kitachunga mikono ya batoto yangu, hapana kenye kiko kizuri mu foto."

Natengeneza umeme wa mashine katika mji huu kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali hilo nalibeba moyoni. Katika karakana moja niliyowahi kuitwa, kijana alipoteza vidole vinne chini ya presi. Kinga ya mashine ilikuwepo. Ilikuwa imefunguliwa wiki moja kabla kwa sababu inachelewesha kazi, na nilipofika niliikuta imeegemezwa ukutani, safi kabisa. Kwa hiyo ninapolinganisha vifaa hivi, simaanishi kipi ni cha kisasa zaidi. Naangalia kipi kitakuwa bado kinafanya kazi mwezi wa tisa, vumbi likiwa limejaa, kazi imebana na patroni hayupo.

Kabla ya jicho, uliza breki

Kosa la kwanza ninalolikuta ni mtu kununua jicho, yaani kihisio, kwa mashine isiyojua kusimama. Presi nyingi za zamani zinazotufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, zikiwa zimetumika zina klachi ya ufunguo. Ukishakanyaga pedali, gurudumu zito linashika shafti, na presi itashuka na kupanda mpaka imalize mzunguko wake wote. Kamera ikiona mkono, haina la kufanya. Pazia la mwanga, yaani nguzo mbili zenye miale kati yake, likiona kidole, halina la kufanya. Sheria ya usalama kazini ya Marekani inakataza kabisa kutegemea vihisio vya namna hiyo kwenye presi za aina hii, na mimi nawaunga mkono bila kusita. Presi ya haidroliki, au ile yenye klachi ya msuguano inayosukumwa na hewa, ni jambo jingine, kwa sababu inaweza kukatishwa ikiwa katikati ya safari.

Presi ya kwanza ya mama ilikuwa ya ufunguo. Ulinganisho ukaishia hapohapo: ni uzio wa chuma, wenye nafasi nyembamba ya kupitisha bati na isiyopitisha kidole, na trei ya kusukumia kipande ndani. Muuzaji wa kamera hakuwa ameuliza hata mara moja ile presi ni ya aina gani.

Ya pili ilikuwa ya haidroliki, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu.

Sentimita thelathini au sitini na tisa

Kiwango cha kimataifa cha ISO 13855 kinakadiria kwamba mkono wa mtu unaingia hatarini kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Kwa hiyo unachukua muda wote tangu mkono ugunduliwe mpaka chuma kisimame kabisa, unazidisha kwa mwendo huo, na unapata umbali ambao kifaa lazima kikae mbali na hatari. Tulipima presi ile: sekunde 0.13 kusimama. Pazia la mwanga lenyewe lilihitaji 0.02. Jumla 0.15, yaani sentimita 30.

Lakini pazia nalo lina macho ya namna mbili. Lile lenye mistari ya karibu, linaloona kitu chenye unene wa milimita 14, linakamata kidole, na umbali unabaki sentimita 30. Lile la milimita 30 linakamata kiganja. Vidole vinaweza kutangulia kupenya kati ya mistari kabla halijashtuka, kwa hiyo kiwango kinakuongezea milimita 128, na unafika karibu sentimita 43. La pili ni rahisi kwa bei, lakini fundi atasimama mbali na bati lake siku nzima, na baada ya wiki mbili atatafuta njia ya kulizunguka. Kwa presi ya kulishwa kwa mkono, mimi huchagua la milimita 14 na sijutii.

Sasa weka kamera pembeni yake. Kamera ya kawaida inapiga picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo kati ya picha na picha kuna milisekunde 33. Programu haiamini picha moja, inangoja mbili tatu ili isipige king'ora kwa kivuli. Kisha kuna kukokotoa, kuna safari ya taarifa kwenye waya wa mtandao, kuna rilei, swichi ya umeme inayokata mwendo. Tuseme yote ni sekunde 0.3, na hapo nimekuwa mkarimu. Ongeza 0.13 ya presi. Hata ukitumia mwendo mdogo zaidi wa mita 1.6 kwa sekunde, ambao kiwango kinauruhusu umbali unapozidi nusu mita, unapata sentimita 69. Hakuna anayelisha presi kwa mkono akiwa mbali hivyo. Kwenye presi, kamera imeshindwa na saa, hata kabla hatujauliza kama inaona vizuri.

Jicho likipofuka

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye karakana alielewe kabla hajatoa dola moja.

Pazia la mwanga, ambalo mafundi wetu waliosoma Kifaransa huliita barrière immatérielle, lina nguzo mbili: moja inatuma miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, nyingine inaipokea. Fundi Mjerumani Erwin Sick alilileta viwandani miaka ya 1950, na wazo lake la msingi halijabadilika. Mwanga ukifika, mashine inaruhusiwa. Mwanga usipofika, mashine inasimama. Haijalishi mwanga umezuiwa na mkono, vumbi, waya uliokatika au umeme uliopotea. Pazia la aina ya 4, daraja la juu kabisa la mapazia haya, lina njia mbili za kutoa amri, kila moja ya volti 24, na linazijaribu lenyewe mara nyingi kila sekunde ili kama moja imekwama, nyingine iue mwendo. Likipofuka, kazi inasimama na wewe unajua.

Kamera ya kawaida yenye akili bandia iko kinyume. Lenzi ikijaa vumbi, haioni mtu, kwa hiyo inanyamaza. Kompyuta ikiganda, inanyamaza. Panya akitafuna waya, inanyamaza. Na kunyamaza kwake ni sawasawa na kusema "hakuna mtu hapa". Mashine inaendelea kushuka.

Ndiyo maana viwango havipimi tu kama kifaa kinaona, vinapima pia jinsi kinavyoharibika. ISO 13849 ina madaraja kutoka a hadi e. Daraja la e linataka uwezekano wa kuharibika kwa njia ya hatari uwe chini ya mara moja katika saa milioni kumi. Muuzaji wa kamera alimwambia mama kwamba modeli yake, yaani programu iliyofundishwa kumtambua mtu, ina usahihi wa asilimia 99, na kwa sikio ni namba nzuri. Lakini chukua presi inayopigwa mara 2,000 kwa siku, mkono ukiingia na kutoka kila mara. Asilimia moja ya hizo ni mara 20, kila siku inayopambazuka. Namba hizo mbili si za familia moja, na anayeziweka kwenye mzani mmoja anamdanganya mnunuzi, hata kama hakukusudia.

Siichukii kamera. Uwezo wa kompyuta kutambua vitu pichani uliruka sana mwaka 2012, watafiti wa Toronto walipotoa mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano, uitwao AlexNet, na mwaka 2015 ikaja YOLO, inayoangalia picha nzima kwa mara moja na kuonyesha kila mtu na kila kitu kilipo. Hiyo ndiyo iko nyuma ya kamera nyingi zinazouzwa leo. Zipo pia kamera zilizotengenezwa tangu mwanzo kwa ajili ya usalama. Kampuni ya Pilz ya Ujerumani ilionyesha mfumo wake wa kamera tatu zinazoning'inia darini mwaka 2006, na kampuni ya SICK ina kamera inayopima muda wa mwanga kwenda na kurudi, ambayo imefika daraja la c. Zinafanya kazi. Ila bei yake ni ya kiwanda kikubwa, na daraja la c halitoshi kwa presi inayoweza kukata mkono. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "kamera ya usalama", muulize swali moja: imepewa daraja gani, na karatasi iko wapi?

Vumbi na delestaji (kukatwa kwa umeme)

Vitabu vya viwanda vya Ulaya havijui kiangazi chetu. Kuanzia mwezi wa tano mvua inakata, na mpaka kufika mwezi wa tisa kila kitu kina rangi ya udongo mwekundu. Pazia la mwanga likishika vumbi litasimamisha presi bila sababu. Mara ya kwanza fundi atafuta kioo. Mara ya kumi atatafuta waya wa kuunganisha pembeni ili lisimsumbue. Usidhani ni tabia ya kwetu tu. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kutolewa mwaka 2006 ulikuta kwamba kiasi cha asilimia 37 ya vifaa vya kinga kwenye mashine za chuma vilikuwa vimechezewa, vingine kwa muda na vingine moja kwa moja. Watu huondoa kinachowachelewesha. Ukitaka pazia lidumu, lifutwe asubuhi na mchana kwa kitambaa laini, na nguzo ya kupokea isielekezwe mlangoni ambako jua la saa kumi linapiga.

Hapo uzio unashinda bila kubishana. Chuma hakijali vumbi. Udhaifu wake uko mlangoni: kama mlango wa uzio una swichi ya kawaida, kijana ataifunga kwa utepe, na uzio utakuwa pambo. Swichi inayofanya kazi kwa ufunguo wenye msimbo wake ni ghali kidogo na inafaa kila faranga.

Umeme ni hadithi nyingine. Umeme ukikatika, pazia na swichi ya mlango wa uzio vyote vinasimamisha mashine, vizuri. Hatari yetu ni pale unaporudi. Niliwahi kuona kichanganyio cha saruji kikiamka chenyewe umeme uliporudi, kijana akiwa amepanda ndani kukikwangua. Mwenzake alivuta waya kwa bahati. Tangu siku hiyo, kila mashine ninayoigusa lazima iwe na kontakta, swichi kubwa ya umeme inayojiachia umeme ukikatika na isiyojishika tena mpaka mtu abonyeze kitufe, na kitufe hicho kiwekwe mahali ambapo anayekibonyeza anaona eneo lote la hatari na hawezi kukifikia akiwa ndani yake. Hiyo ni kazi ya kontakta moja na nyaya chache. Ukiwa na pesa ya jambo moja tu mwaka huu, lifanye hilo kwanza, kisha ndipo uje tuzungumze kuhusu macho.

Na tahadhari ya sokoni. Zipo nguzo zinazofanana kabisa na pazia la usalama, nyembamba, zenye taa za kijani na nyekundu, bei ya chini sana. Nyingi ni za milango ya lifti. Zimetengenezwa ili mlango usimbane mtu, hazina zile njia mbili zinazojichunguza. Angalia kibandiko: kama hakijaandikwa aina ya 4 na kiwango cha IEC 61496, usikiweke mbele ya presi. Na usinunue mtumaji peke yake ukitegemea kupata mpokeaji baadaye, vinatoka kwa jozi.

Uwanjani

Kwenye foklifti mambo yanageuka, na hapa kamera inastahili kusikilizwa.

Skana ya leza ni kisanduku kinachozungusha mwale wa leza na kuchora eneo sakafuni, robo tatu ya duara, mita kadhaa mbele yake. Mtu akiingia eneo la nje inaonya, akiingia la ndani inasimamisha. Inachunga vizuri mbele ya mashine iliyosimama mahali pamoja au roboti inayobeba mizigo kwenye sakafu laini. Lakini inaona mstari mmoja tu, kwenye usawa wa miguu. Haioni uma ulioinuliwa, na moshi wa kuchomelea au vumbi la uwanja wa udongo vinaichanganya. Kwenye uwanja wa mama, wenye mashimo na mabati yaliyolazwa popote, ingekuwa inasimamisha kazi kila dakika.

Kamera inaona uwanja wote, inatofautisha mtu na pipa, na dereva anayerudi nyuma anaona kilicho mgongoni kwake. Kama onyo kwa dereva, naikubali. Migodini watu wamelifikiria hili kwa madaraja: kuna mfumo unaomwonyesha dereva hatari, kuna unaomshauri, na kuna unaolishikia gari breki wenyewe. Afrika Kusini tangu Desemba 2022 inadai daraja hilo la mwisho kwa mitambo ya dizeli chini ya ardhi, kwa sababu onyo peke yake halikutosha kuokoa watu. Na hapa kwetu, kwenye mgodi wa dhahabu wa Kibali huko Haut-Uélé, mashine za kupakia zinajiendesha chini ya ardhi, lakini eneo zinamopita limefungiwa watu. Wenye teknolojia kubwa kuliko sisi wote wameanza kwa kumtoa mtu njiani.

Kwa hiyo kabla ya kamera, nilimwambia mama anunue rangi ya njano: njia ya watu upande mmoja, njia ya foklifti upande mwingine, na mlango mdogo wa kuingilia kwa miguu. Kisha kamera moja, si nne, kwenye kona ambapo njia zinakutana. Kazi yake kubwa itakuwa kuhesabu. Mara ngapi kwa wiki mtu alipita chini ya uma? Saa ngapi? Kila mara baada ya chakula? Hilo hakuna pazia wala uzio utakaokwambia, na ndilo litakaloonyesha pa kuhamishia mlango. Lakini vijana waambiwe kamera iko pale kwa ajili gani, na picha zake zisigeuzwe fimbo ya kukata mshahara. Siku itakapotumika hivyo, itageuzwa ielekee ukutani.

Kuna jambo la utafiti hapa ninalolitamani sana. Modeli iliyofundishwa kwa picha za viwanda vyenye mwanga na fulana za kung'aa inayumba ikimwona kijana wetu aliyeinama gizani, nguo zake rangi moja na udongo. Wanafunzi wa Polytechnique, kitivo cha uhandisi cha UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), wakikusanya picha za karakana zetu wenyewe, kwa ruhusa ya waliomo, wanaweza kuifundisha upya. Uwezo haukosekani. Wahandisi wanawake wakiongozwa na Thérèse Izay waliweka maroboti ya kuongoza magari Kinshasa mwaka 2013, yenye kamera na umeme wa jua, na watu waliyatii.

Mkono wa roboti

Jirani wa mama, mwenye kinu cha unga, ana mpango wa kununua mkono wa roboti uliotumika ili upange magunia ya kilo 25, na naye aliuliza kama kamera itatosha badala ya uzio. Jibu langu lilikuwa fupi. Mwezi wa Novemba 2023, huko Korea Kusini, roboti ya kupanga masanduku ya mboga ilimkandamiza mfanyakazi aliyekuwa akikagua kihisio chake, na taarifa za polisi zilisema haikumtofautisha na sanduku. Ipo mikono midogo iliyobuniwa kufanya kazi bega kwa bega na mtu, ikidhibitiwa nguvu kwa mwongozo uliotolewa kwanza mwaka 2016 kwa jina la ISO/TS 15066, lakini gunia la kilo 25 linalozunguka kwa kasi halina upole wowote. Uzio, mlango wenye kufuli ya umeme, na anayeingia aingie na ufunguo mfukoni.

Tulivyoamua

Presi ya ufunguo ilipata uzio na trei. Ya haidroliki ilipata pazia la aina ya 4, milimita 14, likiwekwa sentimita 35 kutoka kwenye hatari, pamoja na vyuma pande mbili, kwa sababu pazia linachunga mbele tu na mkono wa mwenzako hupitia ubavuni. Msumeno ulipata kifuniko. Mashine zote zilipata kontakta isiyoamka yenyewe. Bei ya zile kamera nne ilitosha hayo yote na kamera moja ya uwanjani.

Pazia lilikuja na kifimbo cha majaribio chenye unene wa milimita 14. Kila asubuhi kabla ya pigo la kwanza kinapitishwa juu, katikati na chini, karibu na kila nguzo na katikati yake, na taa lazima iwe nyekundu muda wote. Anayekipitisha anaandika jina na saa kwenye daftari. Niliuliza nani atafanya hivyo Jumamosi, fundi mkuu asipokuwepo. Mama alichukua kifimbo, akakiweka kwenye mfuko wa kitenge chake.